Ndizi za Myombekere, Uamuzi wa Bugonoka

Ndizi haziivi upesi kwa sababu mume ana hamu na mkewe. Sharti zikatwe, zivundikwe, zingojewe, zimenywe, zikamuliwe, kisha maji yake yachanganywe na nafaka na kuachwa yachachuke. Ndipo ipatikane pombe ya kupeleka ukweni. Katika riwaya ya Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, kazi ya namna hii inasimuliwa kwa utulivu mkubwa, na msomaji mwenye haraka huziruka kurasa zake. Akiziruka, ameyaruka mapenzi yenyewe.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Ni Ukerewe ya zamani, kabla ya utawala wa wageni. Myombekere na Bugonoka wanapendana, ila hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mwanamke mpaka wazazi wake, Namwero na Nkwanzi, wanamrudisha kwao. Mume anabaki na nyumba isiyo na moto. Anapokwenda kumfuata mkewe, wakwe hawamfukuzi wala hawampi mke. Wanamtoza pombe ya ndizi. Angeweza kuoa mwingine, na ndugu zake wangefurahi. Anachagua kupika.

Hapo ndipo ufundi wa Kitereza ulipo. Mwandishi mwingine angeonyesha hamu ya mume kwa machozi au barua. Yeye anaionyesha kwa muda ambao kazi inadai. Kila hatua ya kutengeneza pombe ni siku nyingine bila Bugonoka, na msomaji anazihesabu pamoja na mume. Wengi wameisifu riwaya hii kama ghala la mila, na ni kweli mwandishi alitaka wajukuu wajue babu zao walivyoishi. Lakini sifa hiyo imeficha jambo: maelezo ya mila ndiyo yanayoubeba mvutano wa kisa. Ukiyaondoa, mume angemfikia mkewe ukurasa unaofuata, na sisi tusingejua anampenda kiasi gani.

Na Bugonoka? Nimesikia ikisemwa kwamba si mhusika mwenye msimamo, kwa kuwa anachukuliwa na baba na kurudishwa kwa faini. Sikubaliani. Tazama anarudi wapi: katika ukoo uleule uliomtukana, akiwa bado hana mtoto wa kumkinga. Kisha tazama anavyoingia katika tiba za mganga Kibuguma, na dawa na masharti yake, baada ya mimba zilizoharibika. Mwanamke asiye na nguvu za moyo angekaa kwao akatulia. Kitereza hakumpa uasi wa kisasa ambao mwanamke wa enzi ile asingekuwa nao. Alimwachia heshima, salamu na taratibu zote za Kikerewe, halafu ndani ya hizo akamtengenezea uamuzi. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika riwaya ya kihistoria, maana ni rahisi kumvisha mhusika wa kale mawazo yetu.

Nimeisoma nikiwa Dutwa, huku Usukumani. Kutoka hapa unashika barabara ya Lamadi, unapita Bunda hadi Kisorya, kivuko kinakushusha Rugezi; Ukerewe si ng'ambo ya dunia. Msukuma hahitaji kamusi kuelewa kwa nini majina ya watoto katika riwaya hii ni sehemu ya kisa. Sisi wenyewe tuna Kulwa na Doto, na Shija anayewafuata, na Nyanzala aliyezaliwa wakati wa njaa. Mtoto ambaye Myombekere na Bugonoka wanampata hatimaye, Ntulanalwo, ana jina la mtu anayeishi na kifo kila siku. La dada yake, Bulihwali, linauliza huzuni itakwisha lini. Wazazi wamepata walichokitafuta, na bado katika kuita watoto wao waje kula wanaitamka hofu yao. Sijui njia fupi zaidi ya kumweleza msomaji kwamba furaha hii iliponea chupuchupu.

Kitereza hakulitunga hili kwa mbali. Yeye na mkewe Anna walizika watoto wao, na hakuoa mwingine. Alimaliza mswada wa Kikerewe mwaka 1945, ukakosa mchapishaji. Akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, kitabu kikiwa hakijamfikia mkononi.

Udhaifu upo, na si mdogo. Watoto wakishakua, uzi unalegea. Uwindaji, uvuvi, magonjwa na ndoa za watoto vinafuatana kama kumbukumbu za ukoo, na sasa maelezo hayamcheleweshi mtu yeyote kupata kitu anachokililia, yanakaa tu. Bugonoka anasogea pembeni akawa mama wa wengine. Ningetamani Kitereza angebaki naye jikoni muda mrefu zaidi, tumsikie akimfunza Bulihwali namna ya kukaa katika nyumba ya mume ambamo wapo wasiokutaka, kwa kuwa katika kitabu chote hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye.