Tochi ya Kichwani: Zizi Liamue, Si Mlima

Boksi la tochi ya kichwani humtangazia mnunuzi mambo mawili kwa herufi nene: wingi wa lumeni na umbali ambao mwanga unafika. Yote mawili yamekusudiwa mtu anayepanda milima. Lakini familia ya Kiminini yenye ng'ombe wawili, kuku na jiko la nje itakwenda kupiga kambi Mlima Elgon mara moja kwa mwaka, ikijaliwa, ilhali giza la nyumbani huja kila siku. Karibu na ikweta kama tulivyo, usiku hudumu takriban saa 12 mwaka mzima. Stima iwepo au ipotee, kuna choo cha nje, kuna kuku wa kufungia, kuna kuni za kutafuta, na saa kumi na moja alfajiri kuna ng'ombe wa kukamua. Hesabu hiyo inafikia saa tatu au nne za matumizi kila siku. Kwa hiyo tochi ichaguliwe kwa kazi ya zizini. Inayofaa zizini itafaa mlimani pia, lakini iliyonunuliwa kwa ajili ya mlima si lazima ifae zizini.

Tuanze na lumeni, kwa sababu ndizo zinazouza. Mwaka 2009 watengenezaji wa tochi nchini Marekani walikubaliana juu ya kiwango cha upimaji kiitwacho ANSI FL 1, na makampuni makini ulimwenguni hukifuata. Kwa kiwango hicho, wingi wa mwanga hupimwa tochi ikiwa imewashwa kwa sekunde 30 hadi dakika 2 tu. Muda wa betri nao huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Hivyo boksi linaweza kusema lumeni 400 na saa 40 bila kudanganya, ilhali mnunuzi hatapata vyote viwili kwa pamoja hata usiku mmoja. Umbali nao hupimwa hadi pale mwanga unapobaki luksi 0.25, yaani sawa na mbalamwezi. Kuona kitu kwa mbalamwezi na kukitambua ni mambo mawili tofauti. Na hapo tunazungumzia makampuni yanayopima. Boksi lisilotaja kiwango chochote linaweza kuandikwa nambari yoyote.

Swali la maana ni mwanga kiasi gani unatosha kwa kazi ya mikono. Lumeni 30 zikitandazwa sawasawa kwenye duara la upana wa mita moja zinatoa karibu luksi 38, zaidi ya mara 100 ya mbalamwezi. Hapo unaona kisu, sufuria, kiwele na kamba bila kukaza macho. Upande wa betri, tochi inayotumia betri tatu ndogo za AAA za alkali ina nishati ya takriban wati-saa 3.6. Tukikadiria kwamba kila wati inazaa lumeni 100, mwanga wa lumeni 30 utadumu saa 12, na wa lumeni 300 hautapita saa moja na robo. Betri moja ya kuchaji ya aina ya 18650 yenye uwezo wa mAh 2,500 ina wati-saa 9, kwa hiyo inatoa saa 30 za mwanga uleule wa kazi. Hiyo ni wiki nzima ya kukamua na kupika kwa chaji moja. Tahadhari moja tu: betri nzuri za ukubwa huo huhifadhi karibu mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, irudishe. Betri halisi huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50, na mizani ndogo ya duka itakuonyesha ile ambayo ndani ni nyepesi.

Kuna jambo jingine ambalo boksi huandika kwa nadra, nalo ni ubora wa rangi. Mkamuaji makini hukamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi ili aone kama kuna mabonge au damu, dalili za ugonjwa wa kiwele. Taa za bei ya chini mara nyingi hutoa mwanga mweupe wa samawati ambao huufifisha wekundu, na wekundu ndio hasa anaoutafuta. Taa nyekundu, ambayo wapiga kambi huipenda kwa kuwa haiyaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza, ni mbaya zaidi hapa: chini yake damu na maziwa huonekana karibu rangi moja. Kwa hiyo mwanga mweupe wenye joto kidogo, unaoelekea manjano, una thamani zaidi kuliko lumeni mia za ziada. Tena jicho la ng'ombe lina utando wa kuakisi mwanga unaomsaidia kuona gizani, na kummulika usoni kwa tochi kali alfajiri ni kumsumbua bure.

Wapo watakaosema kwamba simu ina tochi na inatosha. Inatosha kwa dakika mbili. Ng'ombe hukamuliwa kwa mikono miwili, na simu iliyoishiwa chaji alfajiri haitalipa wala kupokea M-Pesa asubuhi. Hoja iliyo nzito zaidi ni ya usalama: nyoka njiani, mwizi kwenye ghala la mahindi. Hapo mwanga wa mbali unahitajika kweli, na sina nia ya kuupuuza. Ila nyoka wa kuogopwa ni yule aliye karibu na mguu, na huyo huonekana kwa mwanga mpana ulio chini, si kwa mshale mwembamba unaofika mita 200. Isitoshe, mwanga unaotoka kwenye paji la uso unafuata njia ileile ya macho, kwa hiyo vivuli hujificha nyuma ya vitu na shimo huonekana kama tambarare. Ukungu nao huurudisha mwanga huo machoni. Anayetembea usiku wa mvua aivue tochi aishike usawa wa kiuno, ataona mawe vizuri zaidi. Kwa mwizi, tochi yenye kiwango cha juu cha lumeni 200 kwa dakika chache inatosha kumulika ua mzima.

Na mlima? Kambini usiku wa Elgon unadai mwanga mdogo wa kupika na kusoma ndani ya hema, kinga dhidi ya mvua ya kiwango cha IPX4 au zaidi, na betri isiyoisha kabla ya alfajiri. Baridi ya kule juu hupunguza nguvu ya betri za alkali, basi betri ilale mfukoni au ndani ya blanketi. Hata katika pango la Kitum, ambako ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwenye kuta, usalama wa mgeni uko kwa askari wa hifadhi anayemwongoza na katika tochi ya pili ya akiba, si katika lumeni elfu moja.

Pingamizi la mwisho ni bei, na ni la haki. Tochi ya bei nafuu yenye betri iliyofungiwa ndani huvutia, hasa ikiwa na kipande cha sola mgongoni. Lakini betri ya lithiamu huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na isipoweza kutolewa, taa nzima hutupwa ikiwa balbu na mkanda bado ni vizima. Kabla hujalipa, ifungue nyuma. Ikiwa betri inatoka, inachajiwa kwa waya wa simu, na mwanga wake wa chini kabisa ni mpana na hauumizi macho, inunue hata kama boksi lake linataja lumeni chache kuliko la jirani yake kwenye rafu.