Tundu la Kibaha katika utumbo wa kiluwiluwi

Kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia cha Kibaha, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba chini ya Shirika la Taifa la Maendeleo (NDC) na kuzinduliwa mwaka 2015, husifiwa kwa kuua mbu wangali majini. Namna dawa yake inavyoua haielezwi sana, nayo ndiyo inayoamua kama halmashauri za Kibaha na Kisarawe zitafaidika na lita zinazozinunua.

Ili kuielewa, tuanze na seli: seli hai hulimbikiza potasiamu ndani na kusukuma sodiamu nje. Utando wake una mifereji ya protini, nayo ni mikali katika kuchagua. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon alionyesha umbo la mfereji mmoja wa potasiamu: oksijeni zake zimepangwa kwa kipimo cha potasiamu, na sodiamu, kwa udogo wake, hupwaya humo.

Sumu nyingi huvuruga mifereji iliyopo. Kobalti, katika maabara, huziba ile ya kalsiamu. Pairethroidi za vyandarua huganda kwenye mfereji wa sodiamu wa neva ya mbu na kuuzuia usijifunge. Asidi-amino moja ikibadilika, sumu hukosa pa kushika, na badiliko la namna hiyo liliripotiwa Kenya mwaka 2000.

Bti (Bacillus thuringiensis israelensis), bakteria wa bidhaa ya kwanza ya Kibaha, aliyegunduliwa jangwa la Negev mwaka 1976, huja na mfereji wake mwenyewe. Kiluwiluwi humeza fuwele zake za protini. Utumbo wenye alkali kali huziyeyusha, vimeng'enya huzikata, vipande hushika vipokezi vya ukuta wa utumbo, huungana, kisha hutoboa utando. Tundu hilo hupitisha ayoni chanya bila uteuzi ule wa mfereji wa potasiamu. Mizani ya chumvi huvurugika, maji hufuata, seli huvimba hadi kupasuka. Tumbo la binadamu lina asidi na halina vipokezi hivyo.

Bti hubeba sumu kadhaa kwa pamoja, na mojawapo, Cyt1Aa, hujibandika kwenye utando na kuwa kipokezi cha mwenzake. Kwangu hapa ndipo penye ubora wake mkubwa: mbu akipoteza kipokezi, dawa humletea kingine. Bidhaa ya pili ya Kibaha, ya Bacillus sphaericus, hustahimili maji machafu vizuri zaidi, lakini hutegemea kipokezi kimoja. Mbu wa Culex wamekwisha kuishinda dawa hiyo huko Ufaransa, Brazil na India. Kuitumia peke yake mwaka hadi mwaka ni hatari.

Zote mbili lazima zimezwe. Viluwiluwi vya Anopheles, mbu wa malaria, hula juu ya maji, na chembe za dawa huzama. Pupa hawali kabisa. Ndiyo sababu mpango wa kudhibiti malaria wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2004 ulirudia mazalia ya wazi kila wiki. Halmashauri inayopanga bajeti ya dawa bila posho ya watu wa kurudi wiki ijayo imenunua nusu ya kazi.