Kidole Kinachopima Togwa

Kazi ya togwa huanza siku kadhaa kabla ya moto kuwashwa. Ulezi hulowekwa usiku kucha, huchujwa, hufungwa kwenye gunia bichi mpaka utoe vimizizi vyeupe, kisha huanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Mbegu inapoota hutengeneza amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari ya kulisha chipukizi. Ikikaushwa vizuri, amilesi hutulia ndani ya unga ikisubiri maji.

Bibi ninayemtazama hapa Songea ana sufuria ya uji wa mahindi, mzito, mwiko unasimama wenyewe. Ameupika hadi wanga ukafura na kulainika, maana wanga mbichi amilesi huuguguna kwa shida. Ameshaepua. Sasa anangoja, na kungoja huku ndiko ufundi wenyewe. Hana kipimajoto. Anakoroga taratibu kutoka chini, joto linakojificha, anachovya ncha ya kidole. Kinatoka mbio. Anafunika, anarudi kwenye ungo wake wa mchele, anapepeta, anachovya tena.

Kimeng'enya ni protini. Kikitiwa kwenye uji unaotokota, umbo lake huvurugika kama ute wa yai unavyoganda, wala halirudi. Uji utabaki mzito na kimea kimekwenda bure. Uji uliopoa kabisa nao ni hasara, kwani joto likipungua nyuzi 10, kasi ya kazi hushuka karibu nusu. Amilesi ya kimea hushamiri kwenye nyuzi 60 na kidogo, jirani kabisa na pale inapoanza kuharibika. Bibi haendi mpaka ukingoni. Hungoja kidole kiweze kutulia kidogo ndani ya uji, na mimi naona ana haki: mwendo ukipungua, muda anao.

Anatia kimea kiganja kwa kiganja, akikoroga. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha mwiko unainama, unalala ukingoni. Anainua upawa: uji uliokuwa ukidondoka mabonge sasa unateremka mwembamba, bila kukatika. Hajaongeza maji hata tone. Minyororo ya wanga iliyoyashikilia maji ndiyo iliyokatwa, na utamu umeingia bila sukari ya dukani.

Juni na Julai, baridi ikishuka, huizungushia sufuria blanketi na kuiweka karibu na mafiga. Uchachu ni kazi ya bakteria, zamu ya usiku, nao joto la kimea hawaliwezi. Ndiyo maana togwa ya jana, anayoitumia kuchachushia, huimimina mwisho, uji ukiwa vuguvugu tu.