Nyumba Iliyobaki na Wawili: Nafasi ya Mzazi katika Bembea ya Maisha

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu ya Kiswahili, makala haya yanakuomba uirudie tamthilia ambayo huenda unadhani umekwisha kuimaliza. Bembea ya Maisha ya Timothy Arege imefundishwa na kuandikiwa miongozo mingi. Ukiliuliza darasa la kidato cha nne maudhui yake, utatajiwa ulevi, ndoa, elimu, mila, mabadiliko na nafasi ya mwanamke. Orodha hiyo si mbaya. Hata hivyo, lipo jambo moja linaloyabeba yote hayo, nalo hutajwa kwa nadra sana: hali ya mzazi ambaye watoto wake wamekua, wakasoma, wakaondoka, naye akabaki.

Niseme mapema kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Suna, katika kaunti ya Migori. Kitindamimba wetu alipokwenda chuoni, tulimsindikiza hadi stendi ya mabasi mjini Migori akiwa na sanduku, godoro na ndoo. Jioni ile mke wangu alisonga ugali uleule wa siku zote. Tulikula, tukautazama uliobaki, akaufunika kwa sahani bila kusema neno. Kesho yake niliingia darasani kufundisha onyesho la kwanza la tamthilia hii, nikagundua kwamba kwa miaka miwili nilikuwa nimemfundisha Sara kama mgonjwa tu, na Yona kama mlevi tu.

Waliotangulia walivyomsawiri anayeondoka

Katika fasihi yetu, safari ya masomo si jambo geni. Aghalabu, lakini, mwandishi humfuata anayeondoka. Katika Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani, Monika anarejea kutoka Ulaya alikokwenda kusoma, na msomaji anatakiwa apime jinsi masomo hayo yalivyomgeuza mbele ya watu wake. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 2012, Madhubuti anarudi kutoka Urusi akiwa na msimamo uliokomaa, na anakataa kufuata njia za babake, Mtemi Nasaba Bora. Mmoja masomo yanamtenga na kwao, mwingine yanamnoa. Katika kazi zote mbili swali ni lile lile: mtoto amerudi akiwa nani?

Arege anageuza taa. Hatuonyeshi siku ya kuondoka, wala hatupeleki chuoni. Pazia linapofunguka, watoto wamekwisha kwenda, na tunawakuta waliobaki. Swali analotuuliza ni tofauti: mzazi amebaki akiwa nani? Ndipo msomaji anapogundua kwamba sehemu kubwa ya mgogoro wa tamthilia inatokana na jibu la swali hili.

Kuondoka kulikokuwa na ngazi

Ili mwanafunzi wa Suna alielewe jambo hili, mwalimu aanze na anachokijua nyumbani. Katika jamii ya Waluo, mtoto hakuondoka kwa siku moja. Wasichana walilala siwindhe, yaani nyumba ya bibi, wakafunzwa hadithi, mafumbo na mwenendo. Mvulana alipobaleghe alijenga simba, kibanda chake karibu na lango la boma la babake. Alikuwa ametoka katika nyumba ya mamake, lakini moshi wa jiko la mama bado aliuona. Baadaye, akiwa na mke na mtoto, aliondoka kwenda kuanzisha dala, boma lake mwenyewe. Hata siku hiyo hakwenda peke yake. Babake alikuwa pamoja naye, nao walibeba jogoo, shoka na moto.

Tazama basi, msomaji, kwamba kila ngazi ilimpa mzazi kazi ya kufanya. Alijua asimame wapi na ashike nini.

Barua ya kuitwa chuoni haina ngazi hizo. Ni kweli kwamba wengi wetu tumezoea kuagana na watoto tangu kidato cha kwanza wanapokwenda shule za bweni. Lakini shule ya bweni ina kalenda. Mzazi anajua tarehe ya kufunga, na siku hiyo anatafuta kuku. Chuo nacho humzoesha mtoto kuishi kwingine. Likizo ya kwanza anakuja, ya pili anapata kibarua mjini, ya tatu anapiga simu. Kwa miaka mingi mtoto wa Suna aliyeitwa chuo kikuu alikwenda mbali: Maseno, Njoro, Eldoret au Nairobi. Siku hizi tuna Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopewa hati mwaka 2016, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kule Homa Bay, kilichopewa hati mwaka 2022. Umbali wa barabara umepungua kwa baadhi yao. Umbali ninaouzungumzia hapa haupimwi kwa nauli.

Sara, jiko na Dina

Sasa turudi kwenye matini. Sara ni mgonjwa, nguvu zimemwishia. Yona anatoka kwenye pombe akitaka chakula, kwa sababu kwake jiko ni la mwanamke. Anayekuja kusaidia kupika ni Dina, mwenzake Sara kijijini. Watahiniwa wengi hulitumia tukio hili kuthibitisha kwamba Yona ni katili na Dina ni mwenye utu. Hoja hizo ni sahihi. Lakini jiulize zaidi: mikono iliyokuwa ikisaidia katika jiko hili ilikwenda wapi?

Ilikwenda shule. Wala haikutoroka. Sara mwenyewe ndiye aliyesimama kidete ili mabinti wake wasome. Kila darasa walilopanda lilikuwa hatua moja mbali na jiko hili. Hapa pana kinaya kizito kuliko vyote katika tamthilia: ufanisi wa mama ndio uliomwachia nyumba tupu. Angeshindwa kuwasomesha, huenda angekuwa na mtu wa kumtekea maji.

Neema hajamsahau mamake. Anagharamia matibabu, na kwa sababu hiyo anazozana na mumewe, Bunju. Mkondo wa pesa umegeuka. Sisi wazazi wa Suna tunaujua mgeuko huu vizuri. Wengi wetu tulilipa karo kwa miwa na tumbaku, tukatuma za matumizi kwa simu kila mwezi. Kisha siku moja simu inalia na ujumbe unasema umepokea, si umetuma. Unafurahi, na papo hapo unatambua kwamba wewe sasa ndiwe unayetunzwa.

Hata hivyo pesa ya Neema ina mpaka. Inaweza kulipa hospitali. Haiwezi kuwasha moto jioni, wala kuketi kando ya kitanda usiku wa manane. Pengo hilo ndilo analoliziba Dina. Kwa hiyo nakusihi usimwite Dina mhusika mdogo ukaishia hapo. Dina ndiye kipimo cha pengo. Kila anapoingia katika nyumba ya Sara tunakumbushwa nani hayumo.

Waliobezwa kwa kukosa mwana wa kiume

Ikumbukwe kwamba Sara na Yona walisimangwa mara mbili. Kwanza kwa kuchelewa kupata mtoto, kisha kwa kupata mabinti watupu. Masimango hayo ni miongoni mwa yaliyomsukuma Yona, aliyekuwa mwalimu, kwenye ulevi na kumtesa mkewe. Darasani huwa tunaihukumu jamii hii kwa kauli moja kwamba ina ubaguzi wa kijinsia. Ni kweli. Lakini hatuulizi ubaguzi huo ulisimama juu ya nini.

Ulisimama juu ya imani kwamba binti huondoka na mwana wa kiume hubaki. Ndiye atakayelinda ardhi, ndiye atakayewazika wazazi. Elimu imeivunja imani hiyo kabisa. Tembea Suna leo, uhesabu maboma ambayo simba zake zimefungwa kwa kufuli tangu wavulana waende Nairobi, Mombasa au Ughaibuni. Mwana wa kiume na binti wameondoka kwa barua ya namna moja. Mzazi aliyemcheka Yona kwa kukosa mwana wa kiume anaweza kuwa ameketi barazani peke yake vilevile. Na katika tamthilia, wanaombeba mama wakati wa dhiki ni mabinti waliobezwa. Mtahiniwa akiifikisha hoja ya jinsia hadi hapa, atakuwa amekwenda mbali zaidi ya mwongozo.

Mama mgeni kwa mwanawe

Sehemu nyingine inayostahili kukaziwa ni safari ya Sara kwenda mjini kutafuta matibabu. Bunju hakubali mama mkwe alale nyumbani kwake, kwa kuwa mila haziruhusu, na Sara inambidi alale kwa Asna. Wanafunzi wa mijini hukasirika wanaposoma haya, wakamwona Bunju kuwa mbaya. Wanafunzi wangu wa Suna hawakasiriki haraka. Wanajua kwamba kwa Waluo pia mama mkwe ana mipaka yake, na kulala katika nyumba ya mkwe si jambo la mzaha. Sara mwenyewe anaiheshimu mila hiyo.

Lakini heshima haiondoi uchungu. Tazama mageuzi ya nafasi: mama aliyekuwa mwenye nyumba, ambaye mtoto alimwomba ruhusa ya kutoka, sasa ndiye anayesubiri kupangiwa mahali pa kulala. Amekuwa mgeni mbele ya mwanawe. Mzazi yeyote aliyewahi kumtembelea mtoto mjini ameionja hali hiyo, hata bila mkwe. Hujui birika liko wapi, na unaogopa kugusa.

Jazanda ya bembea

Jazanda ya bembea hufafanuliwa kwa wepesi: maisha yana kupanda na kushuka. Ufafanuzi huo unatosha kwa alama mbili. Napendekeza tuutazame mchezo wenyewe. Bembea ya watoto wadogo husukumwa. Anayesukuma husimama chini. Kadiri anavyosukuma kwa nguvu, ndivyo anayebembea anavyokwenda mbali na mikono yake. Anarudi, naam, lakini anarudi ili asukumwe tena. Mkao huo wa anayesukuma ndio mkao wa Sara.

Sitaki kukudanganya kwamba tamthilia haina upungufu. Kwa kuwa siku ya kuondoka haionyeshwi jukwaani, uchungu wake tunausikia kwa masimulizi tu, na msomaji asiye makini huupita. Vilevile, kugeuka kwa Yona kunakuja kwa kasi kuliko ugumu wa maisha aliyoyaishi. Mlevi wa miaka mingi hageuki kwa majuto peke yake. Pamoja na hayo, mwelekeo wa mageuzi hayo ni wa kweli. Nyumba ikibaki na wawili, hakuna tena mtoto wa kuwa mpatanishi, wa kutumwa, wala wa kusingiziwa. Mume na mke wanalazimika kutazamana upya. Yona ambaye angeweza kujificha nyuma ya kelele za watoto sasa hana pa kujificha. Kwa mtazamo wangu, kuondoka kwa mabinti si chanzo cha huzuni tu. Ndiko pia kunakomfikisha Yona mahali pa kujiuliza.

Na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipofunzwa na kitabu nilichodhani nakifundisha. Jioni moja jirani alinikuta nikimenya viazi uani, akacheka: "Mwalimu, leo umekuwa nani?" Nilimjibu kwamba waliokuwa wakimenya wako chuoni. Hakucheka tena. Naye wake wawili wako Nairobi.

Kwa mtahiniwa

Unapojibu swali kuhusu wazazi na watoto katika tamthilia hii, zingatia mambo haya. Kwanza, usiwagawe wahusika kuwa wema na wabaya, ukaishia kumsifu Neema na kumlaani Yona. Pili, kila hoja uifungamanishe na tukio mahususi katika matini. Mtahini hatuzi hisia, hutuza hoja iliyothibitishwa. Yale niliyokueleza kuhusu Suna yakusaidie kuelewa, usiyaandike kana kwamba yamo kitabuni. Tatu, ukitaja kinaya au jazanda, onyesha inavyojenga maudhui badala ya kuorodhesha mbinu tu. Na kama unasoma haya ukiwa umebakiza muhula mmoja nyumbani, mwulize mamako leo usiku ni nani atakayemsaidia jikoni ukishaondoka. Jibu lake litakufafanulia Sara kuliko mimi.

Maswali ya mazoezi

1. "Sara ni mzazi aliyefaulu na kupungukiwa kwa wakati mmoja." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Bembea ya Maisha. (alama 20)

2. Jadili nafasi ya Dina katika kukuza maudhui ya tamthilia hii. (alama 10)

3. Eleza jinsi mwandishi alivyotumia kinaya kuonyesha uhusiano kati ya wazazi na watoto wao waliokwisha kukua. (alama 10)