Sony Imnunue Nani?

Kila baada ya miezi michache kundi letu la WhatsApp hurudi kwenye swali lile lile: kama Sony wangefungua pochi leo, wanunue kampuni gani ili gemu za zamani zirudi? Majibu nayajua kabla hayajaandikwa. Wa kwanza atasema Konami, kwa sababu ya Metal Gear, Silent Hill na Castlevania. Wa pili atasema Square Enix, kwa ajili ya Final Fantasy. Wa tatu Capcom, wa nne Sega. Halafu mtu atataja bei, mwingine atacheka, na mjadala utahamia kwenye Simba na Yanga hadi safari nyingine.

Mimi huwa nasoma tu na kupita. Safari hii niliulizwa moja kwa moja: "Wewe msomi wa fasihi, unasemaje?" Nikajibu kwamba wasinunue kampuni yoyote kati ya hizo. Nikaambiwa najifanya. Makala hii ndiyo jibu ambalo halikuenea kwenye simu.

Nikiri kwanza kwamba jina la Konami linanivuta hata mimi. Nilijifunza kushika padi kwenye kibanda cha mtaani kwetu Dar es Salaam: televisheni nne za chogo, PS2 zilizofunguliwa mifuniko ili zipoe, shilingi 200 kwa mechi, anayefungwa anampisha mwenzake. Gemu kwa kweli ilikuwa moja, Winning Eleven, ambayo kwingine iliitwa Pro Evolution Soccer, kazi ya Konami. Katika toleo la sita Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea iliitwa London FC, na hakuna aliyejali. Adriano wa Inter akipata nafasi ya kupiga shuti, hata awe mbali vipi, kipa aliomba dua. Castolo na Minanda, wachezaji ambao hawajawahi kuzaliwa popote, tuliwajua kuliko tulivyowajua wachezaji wa timu yetu ya taifa.

Kwa hiyo nikisema Sony waiache Konami, sisemi kama mtu ambaye hana cha kupoteza.

Tuanze na historia, maana jambo hili limeshajaribiwa. Mwaka 2002 Microsoft waliinunua Rare, studio ya Uingereza, kwa dola milioni 375. Rare ndio waliotengeneza GoldenEye 007, gemu ya mwaka 1997 ya Nintendo 64 ambayo wengi huihesabu kama iliyofundisha dunia kurushiana risasi na marafiki kwenye televisheni moja. Ungedhani kwamba ukishamnunua mpishi, chungu ni chako. Lakini James Bond alikuwa na wenyewe, na Nintendo nao walikuwa na sehemu yao. Gemu hiyo ilirudi rasmi Januari 2023, zaidi ya miaka 20 baada ya ununuzi, na ilitoka siku moja kwenye Xbox na kwenye huduma ya Switch ya Nintendo. Haikurudishwa na zile dola milioni 375. Ilirudishwa na watu waliokubali kukaa meza moja.

Au tuwatazame Sony wenyewe. Bloodborne, iliyotengenezwa na FromSoftware na kutoka mwaka 2015, ni mali ya Sony. Hakuna wa kumwomba ruhusa. Kwa miaka mingi wapenzi wake wameomba toleo la PS5, hata lile la kuiwezesha tu iende picha 60 kwa sekunde badala ya 30, na miaka kumi ilitimia bila hilo kutokea. Ape Escape nayo ni yao. Studio ya Japan iliyoitengeneza ilivunjwa mwaka 2021. Kisha mwaka 2024 ikaja Astro Bot, gemu nzuri sana, ambamo mashujaa wengi wa zamani wa PlayStation wanaonekana kama viroboti vidogo vya kuokolewa. Nilifurahi kuwaona, halafu nikajiuliza kwa nini nimefurahi. Sony wana kabati limejaa, na walitualika tuliangalie kupitia kioo.

Kwa hiyo swali la "wanunue nani" linaficha swali la pili: hivi wanavyovimiliki tayari wamevifanyia nini? Anayeacha shamba lake lijae magugu, ukimwongezea ekari umeongeza magugu.

Upande wa Konami nao unahitaji kusahihishwa. Watu wanapoisema kama kampuni iliyolala juu ya hazina, wanazungumzia mwaka 2015, Hideo Kojima alipoondoka na kile kionjo cha kutisha cha P.T. kikaondolewa dukani. Tangu hapo mambo yamebadilika. Silent Hill 2 ilijengwa upya ikatoka Oktoba 2024, Suikoden mbili za kwanza zilirudi Machi 2025, na Metal Gear Solid Delta ikafuata Agosti mwaka huo. Hakuna aliyeinunua Konami ili hayo yatokee. Capcom nao waliijenga upya Resident Evil 2 mwaka 2019 kwa pesa na mikono yao. Wote wawili waligundua kwamba gemu ya zamani ikitendewa haki inauzika, na ukitaka kuuza sana unauza kwenye kila mashine. Suikoden zilitoka kwenye mashine zote kubwa. Mwenye mashine moja akiinunua kampuni ya namna hiyo, jambo la kwanza analoweza kufanya ni kufunga milango mingine.

Lakini hoja yangu kubwa haihusu biashara. Inahusu ukungu.

Silent Hill ya kwanza, ya mwaka 1999, ina ukungu kila mahali. Sababu yake ni ya kifundi: PlayStation haikuwa na nguvu ya kuchora mji mzima kwa mbali, kwa hiyo watengenezaji wakaufunika. Kisha wakatambua kwamba kile walichokificha kilikuwa kinatisha kuliko chochote ambacho wangeweza kukichora. PS2 ilipokuja na nguvu zaidi, katika Silent Hill 2 ya mwaka 2001 ukungu ukabaki, sasa kwa kupenda. Udhaifu wa mashine ulikuwa umegeuka kuwa mtindo.

Mwaka 2012 Konami, mmiliki halali asiyepingwa na mtu, ilitoa mkusanyiko uliokarabatiwa wa Silent Hill 2 na 3. Studio iliyopewa kazi ilikabidhiwa msimbo wa programu ambao haukuwa wa mwisho, na ikalazimika kurekebisha upya makosa yaliyokuwa yamesharekebishwa miaka kumi nyuma. Ukungu ulipungua kiasi kwamba mahali pengine uliona kingo za ulimwengu wa gemu, pale maji yanapokatika kama kitambaa kisichopindwa. Hakimiliki ilikuwepo, jina lilikuwepo, hata msimbo ulikuwepo kwa namna fulani. Kilichokosekana ni mtu anayejua ukungu ule uliwekwa pale kwa nini.

Linganisha na toleo la 2024. Lilijengwa na Bloober Team, studio ya Poland ambayo haikuwa na uhusiano wowote na kazi ya awali. Lakini Masahiro Ito aliyebuni yale majinamizi aliitwa, na Akira Yamaoka aliyetunga muziki aliitwa. Ukungu ukarudi mzito, ukiwa na kazi ya kufanya. Wageni walifaulu pale mmiliki alipokuwa ameshindwa, kwa kuwa safari hii waliokumbuka walikuwa ndani ya chumba.

Hapo ndipo jibu langu kwa kundi linapoanzia. Kama Sony lazima wanunue, wanunue mafundi na masanduku, waziache nyumba.

Masanduku kwanza. Mwaka 2022 Square Enix waliuza studio tatu za magharibi pamoja na Tomb Raider, Deus Ex na Legacy of Kain kwa kundi la Embracer la Sweden, kwa dola milioni 300. Mwaka uliofuata Microsoft walikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Ziweke bei hizo mbili kando kwa kando. Soul Reaver, mojawapo ya gemu za Legacy of Kain, ilizaliwa kwenye PlayStation mwaka 1999. Ilikuwa kwenye sanduku lile, na Sony hawakulichukua. Masanduku ya aina hiyo huuzwa wakati kampuni kubwa zinapofagia stoo, na ndipo mwenye mapenzi ya kweli na ya kale anapopaswa kuwa mlangoni.

Kisha mafundi. Mwaka 2023 Atari, jina lililobaki kama kivuli cha enzi zake, walinunua Nightdive na Digital Eclipse, karakana mbili zinazoishi kwa kufufua gemu za watu wengine. Wenye pesa kidogo ndio walioelewa. Sony nao waliwahi kuelewa: mwaka 2021 waliinunua Bluepoint, waliojenga upya Shadow of the Colossus na Demon's Souls kwa ustadi ambao sijaona mfano wake. Kisha wakawapa kazi ya gemu ya mtandaoni, na Januari 2025 mradi huo ukafutwa. Ulikuwa na fundi bora wa kukarabati milango ya kale, ukampeleka kumwaga zege. Ndiyo maana hata jibu langu mwenyewe siliamini moja kwa moja. Fundi naye ananunulika na kupotezwa.

Kuna mwenzangu kwenye kundi aliyenibana hapa: "Sasa mbona hujatuambia ile gemu yetu itarudi vipi?" Alimaanisha Winning Eleven. Jibu ni kwamba haitarudi, na hakuna ununuzi utakaoirudisha. Majina ya wachezaji, nembo za klabu na ligi, vyote vilikuwa vya kukodi, na mikataba yake ilishakwisha. Mwenye Konami yote mkononi bado angelazimika kubisha hodi kwa Adriano na kwa Inter, kisha kwa kila aliyemo. Mwaka 2021 Konami wenyewe waliliacha jina la Pro Evolution Soccer wakaja na eFootball. Mwaka 2023 utafiti wa Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za kale zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni. Yetu imo katika bahari hiyo, na wala haikuwa ya Marekani.

Uzamili wangu ni wa fasihi, na siku nyingi nashinda na tenzi za kale. Tunazisoma leo kwa sababu kuna watu walioketi wakazinakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mchonga milango na mwandishi wa hati, alinakili nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na sehemu ya kazi ya mkono wake iko London mpaka leo. Hakuwa mmiliki wa tenzi alizozinakili. Alikuwa mtu aliyezijua, mwenye kalamu. Mwenye kibanda wetu naye alikuwa mnakili wa aina yake: CD zote zilikuwa za kuchomwa, na hakuna hata senti moja iliyofika Konami. Sitetei hilo. Nasema tu kwamba kama kuna mtu bado anaicheza gemu ile leo, anaicheza kwa sababu ya wanakili. Brazil mashabiki wameiendeleza kwa miaka kwa toleo lao la Bomba Patch, wakiweka timu mpya kwenye mashine ya zamani.

Mwenye kibanda alikuwa na tabia moja. Alfajiri, kabla wateja hawajaja, aliingia sehemu ya kuhariri wachezaji na kuandika majina yetu. Castolo alikuwa kijana muuza maji. Minanda nilikuwa mimi, mfupi, mguu wa kushoto, kasi iliyoongezwa kwa huruma. Hakuna mchapishaji anayeweza kufufua toleo hilo, kwa kuwa hajui kama liliwahi kuwepo.

Kwa hiyo ombi langu kwa Sony ni dogo na lina bei ndogo kuliko Konami. PS3 za mwanzo, za mwaka 2006, zilisoma CD za PS2. PS4 na PS5 hazisomi. Warudishe uwezo huo. Waache mashine mpya isome kazi ya zamani kama ilivyo, na ukungu wake, na majina yake ya uongo, kabla ya kutuuzia mpya.

Kibanda kilipofungwa, mwenyewe alinipa kadi ya memori, ile ya MB 8. Ninayo kwenye droo. Sina pa kuichomeka.