Vipindi vya fasihi ya Kiingereza na swali la mwanafunzi wa Garissa

MAJUZI mwanafunzi mmoja wa ualimu, mzawa wa Garissa, alinionyesha daftari lake la somo la historia ya fasihi ya Kiingereza. Alikuwa ameorodhesha vipindi vyote kwa hati safi: Kiingereza cha Kale, Enzi za Kati, Mwamko, Urejesho wa ufalme wa 1660, Ulimbwende, enzi ya Victoria na Usasa. Kila kipindi na miaka yake. Kisha akaniuliza: “Mwalimu, sisi watu wa Kaskazini Mashariki tuko katika kipindi gani?”

Jibu rahisi lilikuwa kumwambia kwamba hatumo, maana hiyo ni historia ya Waingereza, basi. Lakini swali lake lilinifichulia jambo. Alikuwa amefundishwa vipindi hivyo kana kwamba ni kalenda ya fasihi ya dunia nzima, na asiyepata nafasi humo hana historia.

Hebu kwanza tuvipime vipindi vyenyewe. Majina haya mengi yalibandikwa na wahakiki baada ya waandishi kwisha kufa, na hayawakai sawasawa hata Waingereza. Shakespeare (1564-1616) huitwa mwandishi wa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Malkia huyo alifariki 1603. ‘King Lear’ na ‘Macbeth’ ziliandikwa Mfalme James akiwa kitini. Ukimfuata malkia, unamkata Shakespeare vipande viwili. Vipindi ni kama vigingi vya hema: vinasaidia kulisimamisha, ila mtu halali juu ya kigingi.

Kipindi cha kwanza ndicho kinachonishangaza zaidi, kwa sababu ndicho wanafunzi wetu hukikimbia, eti ni kigumu. Utenzi wa ‘Beowulf’ haukujengwa kwa vina kama mashairi yetu ya Kiswahili. Kila mshororo una vipande viwili, tuseme ukwapi na utao, na vipande hivyo hufungwa pamoja kwa maneno yanayoanza kwa sauti moja. Irabu nazo huchukuliwa kuwa sawa: neno linaloanza kwa ‘a’ laweza kuitikiana na linaloanza kwa ‘o’.

Sasa mwendee mzee anayejua gabay, shairi refu la Wasomali. Atakuonyesha kanuni iyo hiyo, tena kali zaidi. Mshororo wa gabay una vipande viwili, na katika kila kipande lazima liwemo neno linaloanza kwa sauti iliyoteuliwa. Irabu huitikiana vilevile. Tofauti ni kwamba mshairi wa ‘Beowulf’ aliruhusiwa kubadilisha sauti kila mshororo, ilhali Msomali huishika sauti moja kuanzia mwanzo hadi tamati, hata mishororo ifike mia. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Hawakujuana. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Garissa aliyekua akisikia gabay ana sikio la kuelewa ushairi wa Kiingereza cha Kale kuliko wengi wetu tuliolelewa na vina na mizani. Lakini nani amewahi kumwambia?

Tuendelee. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka wa 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na kadiri karne zilivyopita ushairi wa vina ukashika mizizi. Chaucer, aliyefariki 1400, alitunga kwa vina. Ina maana hata Waingereza walijifunza kwa jirani. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulistaajabia hilo, kwani ushairi wetu wa pwani nao ulizungumza na Kiarabu kwa karne nyingi na haukupoteza Uswahili wake.

Laiti ningekuwa mwalimu wa daftari lile, ningechora safu ya pili kando ya ile ya kwanza. Mto Tana unaopita Garissa humwaga maji baharini karibu na Kipini, nchi ya masimulizi ya Fumo Liongo. Kaunti ya Garissa inapakana na Lamu, na huko Pate ndiko Mwengo wa Athumani alikotunga ‘Utendi wa Tambuka’ mwaka wa 1728, miaka miwili tu baada ya Swift kuchapisha ‘Gulliver's Travels’. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, aliishi wakati mmoja na Wordsworth. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka wa 1858, Dickens akiwa hai. Naye Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, aliyepigana na Waingereza kwa miaka ishirini huku akitunga gabay, alifariki 1920, miaka miwili kabla ya T.S. Eliot kutoa ‘The Waste Land’, ambayo vitabu huihesabu miongoni mwa nguzo za Usasa.

Wapo watakaosema mtihani hauulizi hayo. Kweli. Lakini Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, Afrika iwekwe katikati na fasihi simulizi ipewe hadhi yake. Hawakusema Shakespeare atupwe. Walihoji kwa nini yeye awe kitovu na sisi tuwe pembezoni. Zaidi ya nusu karne baadaye, daftari la Garissa bado lina safu moja.

Na muda hautungoji. ‘Beowulf’ imetufikia kupitia muswada mmoja tu, ambao moto wa 1731 jijini London uliuunguza kingo. Ungeteketea wote, fasihi ya Kiingereza ingepoteza mwanzo wake mtukufu. Gabay za wazee wetu, buraanbur za akina mama wa Kisomali, nyimbo za Waorma na Wapokomo wa kandokando ya Tana, nyingi hazina hata huo muswada mmoja. Kisomali kilipata hati rasmi ya Kilatini mwaka wa 1972, kwa hivyo kisingizio cha kukosa maandishi hakipo tena.

Ndiyo maana nilimjibu mwanafunzi wangu kwa kumpa kazi. Nyanyake, aliniambia, anaishi Balambala na anajua buraanbur nyingi. Nilimwomba aende na simu yake, amrekodi kwa idhini yake, aandike maneno yote, jina la mtunzi akijulikana, mahali na tarehe, kisha atafsiri kwa Kiswahili. Akimaliza, achore ile safu ya pili daftarini na kuliandika jina la nyanyake humo.