Ufunguo Usubiri

Gari likizima ndani ya maji, mkono wa dereva hukimbilia ufunguo kabla akili haijasema kitu. Siku zote ufunguo ndio uliompa jibu, kwa nini leo asiujaribu? Lakini kwa gari lililotoka mtoni, jaribio hilo jepesi kuliko yote ndilo linaloweza kuiua injini. Ufundi ninaousifu hapa unaanza na mtu anayesema: ufunguo usubiri.

Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja wa mvua, na ukija unakaa. Huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au mapema Mei. Kutoka Songea, barabara kuu za Njombe, za Mbinga hadi Mbamba Bay na za Namtumbo hadi Tunduru sasa zina lami, ila lami haifiki kila kunakolimwa. Anayefuata mahindi au kahawa vijijini, au anayeshuka kusini kuelekea Muhukuru na mpaka wa Msumbiji, hukutana na vijito vinavyojaa kwa mvua ya alasiri moja. Fuso likivuka salama, mwenye Noah nyuma yake naye hujipa moyo. Kesho yake Noah inaingia gereji ya mjini ikivutwa kwa kamba, mazulia yanachuruzika, na mwenyewe ana neno moja tu: haliwaki.

Fundi hodari hakimbilii boneti. Anauliza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Lilizima ghafla, au lilikohoa kwanza?"

Swali hilo fupi linagawa njia mbili. Gari lililokohoa, likapoteza nguvu kidogo kidogo kisha likanyamaza, huenda limelowa umeme tu: feni imerusha maji kwenye koili, plagi zimekosa moto. Lililokatika mara moja, tena kwa kishindo, huenda limevuta maji kupitia njia ya hewa. Swali la pili ni zito zaidi: "Baada ya kuzima, ulipiga stata?" Kijana akijibu, "Nilipiga, mzee, likafanya tuk, likagoma," fundi hamkaripii. Anamwambia msaidizi wake atoe waya wa betri, ili mwingine asije akapita na kujaribu tena, na ili soketi zilizolowa zisiendelee kupitisha umeme.

Hofu yake ina hesabu. Hewa hukubali kubanwa pistoni ikipanda, maji hukataa. Chukua Toyota IST yenye injini ya lita moja na nusu na silinda nne. Kila silinda ina ujazo wa kama mililita 375, na pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni takriban mililita 40, pungufu ya vijiko vitatu vya chakula. Maji yakizidi hapo huku valvu zimefunga, pistoni haina pa kwenda, na kinachosalimu amri ni konrodi, fimbo inayoishikilia pistoni: inapinda. Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 na silinda sita, huonekana ngumu kuliko mto wowote. Silinda zake zinakaribia kuwa mara mbili ya zile za IST, lakini kwa kuwa dizeli huwaka kwa joto la kubanwa, na injini hiyo hubana hewa zaidi ya mara 22, nafasi ya juu ni kama mililita 32 tu. Injini kubwa, uvumilivu mdogo zaidi. Kinachoiokoa mtoni ni bomba la hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa.

Ndiyo maana fundi husikitika zaidi akisikia kwamba gari lilivutwa na trekta likiwa kwenye gia ili lishtuke. Stata ina kikomo. Ikikutana na maji mara nyingi hukwama tu. Magurudumu yanayoburutwa na trekta hayakwami.

Sasa boneti inafunguliwa. Kituo cha kwanza ni eya klina. Fundi anashika karatasi ya chujio kwa vidole, kisha anaingiza mkono nyuma yake, kwenye bomba linalokwenda kwenye injini, akitafuta unyevu au mstari wa tope. Pakiwa pakavu, matumaini yanapanda na kazi inahamia kwenye umeme. Pakiwa pamelowa, plagi zote zinatoka kabla ya jambo jingine lolote. Kwa dizeli, zinatoka nozeli au plagi za kupasha joto.

Halafu oili. Kijiti cha kupimia kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshachanganyika. Lakini kijiti safi hakimtoshi, kwani maji yaliyotulia hukaa chini ya oili, mahali ambapo huenda kijiti hakifiki. Kwa hiyo analegeza nati ya chini ya sampo taratibu, gari likiwa limepoa, na kutazama nini kinatangulia kudondoka.

Baada ya hapo anazungusha injini kwa mkono, spana kwenye nati ya puli ya krenki. Hapa ndipo ninapomtazama kwa heshima kubwa. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari inaweza kumwambia sensa ipi imenyamaza. Haimwambii ugumu uko wapi katika mzunguko. Mkono wake unajua msuguano wa kawaida wa pistoni zinazopanda na kushuka, na unajua kizuizi kisicho cha kawaida. Ikizunguka mara mbili kamili bila kukwama, ndipo betri inarudishwa, watu wanasogezwa pembeni, na stata inapigwa kwa muda mfupi plagi zikiwa nje. Maji yaliyokuwamo yanaruka juu kupitia matundu.

Bado haridhiki. Anashusha kijiti chembamba kwenye tundu la kila plagi, anaipandisha pistoni hadi mwisho, anatia alama, kisha analinganisha zote nne. Inayoishia chini ya wenzake ina konrodi iliyopinda. Geji ya kupimia kompresheni itathibitisha. Kipimo hiki kina maana kubwa, kwa sababu injini yenye konrodi iliyopinda kidogo inaweza kuwaka, ikatembea kwa wiki kadhaa, kisha konrodi ikavunjika njiani na kutoboa bloku.

Vipimo vikiwa sawa, kunakuja kukausha: koili, soketi, fyuzi, kimoja kimoja, kwa upepo wa kompresa na tambara kavu. Oili mpya inaingia, injini inawashwa kwa muda mfupi, oili inamwagwa na kubadilishwa tena. Difu na giaboksi nazo zinafunguliwa, kwa kuwa chuma cha moto kikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili na kitundu cha kupumulia. Na mwenye gari anaambiwa arudi baada ya wiki chache, zikaguliwe soketi zinazoanza kuota kutu ya kijani.

Ukiangalia mpangilio wote, kila hatua ina madhara madogo kuliko inayofuata: kuuliza, kugusa, kutazama, kuzungusha kwa mkono, na ufunguo mwisho. Msingi wa kazi hii hufundishwa VETA Songea, na karakana za Wabenediktini wa Peramiho, waliofika huko mwaka 1898, zimelea mafundi kwa vizazi. Lakini ujasiri wa kutofanya haraka hujengwa gereji, miaka mingi ya kuwa saidia fundi, ukishikilia tochi na kumtazama mkubwa wako anavyojizuia wakati mteja anahimiza.

Wateja wengi hulipa kwa moyo mweupe kinachoonekana: plagi mpya, koili mpya, lita za oili. Saa tatu za kupima wanaziona kama fundi alikuwa anazunguka gari tu. Saa hizo ndizo zilizookoa injini. Gari lako likirudi na konrodi zake zimenyooka, lipa kwanza gharama ya kupima, tena usiombe punguzo.